Kiuno cha Maneno

Wiki iliyopita mliniacha nimeshika kalamu ya mtu mwingine, natia sahihi kwenye ukurasa ambao sikuusoma. Wengine wenu mmeniandikia kunionya. Asanteni kwa huruma, lakini mmechelewa. Nilishatia.

Kwa aliyeingia leo na hajui mlango uko wapi, nitamweleza upesi. Mimi ni mpimaji na mkataji wa nguo. Wananiita Futi, kwa sababu ya futi ya kupimia inayoning'inia shingoni mwangu tangu asubuhi hadi jioni, na kwa sababu jina langu halisi halikuwahi kumpendeza mtu, hata mama aliyenipa. Mume wangu alikwenda kozi ya miezi mitatu na huu ni mwaka wa nne. Bila shaka sasa ni profesa. Duka langu dogo lilimezwa na maji ya bomba la jirani. Aliyeniokota ni wifi yangu, dada wa huyo profesa, mwenye duka la magauni la mtandaoni. Alinipa meza ya kukatia na chumba cha nyuma cha kulala mimi na binti yangu. Akaniambia hivi: kaka yangu amekukimbia, mimi sikukimbii, ila usinipe sababu.

Usinipe sababu. Yashikeni hayo maneno.

Duka lilikuwa kwenye jukwaa la zamani la mtandao, na wenye jukwaa wakatangaza kwamba wanafunga. Kila kitu kilipaswa kuhamishwa kabla mwezi haujaisha: magauni, picha, oda, na wateja elfu moja mia tisa na kumi na nne pamoja na vipimo vyao. Wifi akamleta mtaalamu wa kuhamisha. Mwanamume mwembamba, mashati yote ya rangi moja, hacheki. Ana kompyuta mbili na kila kitu anakiandika kwa kalamu kwenye daftari la karatasi, tena kwa rula. Mtu wa namna hiyo ukimpa pole anakuuliza ya nini, ili aandike.

Nikampachika jina la Bwana Daftari, nikaapa kwamba nitamchekesha kabla hajamaliza kazi.

Hiyo ndiyo sababu niliyompa Wifi.

Lakini kabla sijafika huko kuna jambo nililowaficha wiki zote hizi, na leo nalitoa.

Siku hizi hakuna anayedanganya umri. Umri uko kwenye kitambulisho. Watu wanadanganya kiuno. Mteja anakaa kwenye kochi lake, simu mkononi, anajaza fomu yetu: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Kwenye kifua anaongeza kidogo kwa ukarimu. Kwenye kiuno anapunguza bila aibu yoyote. Ukimwona anavyojaza utadhani anaagiza kiuno dukani, si gauni.

Mwaka wa kwanza nilikata nilichoambiwa. Magauni yalirudi yamepasuka ubavuni, na barua juu yake kwamba hatujui kushona. Wifi akaanza kuniangalia kwa lile jicho la kuhesabu siku.

Basi nikamshauri tuwaombe wateja picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavu, wamesimama mlangoni. Nikasema ni kwa ajili ya kuona rangi ya kitambaa itakavyowakaa. Akaona ni wazo la maana. Yeye huona maana mahali popote penye rangi. Kumbe mimi nilikuwa nautaka mlango. Mlango wa kawaida upana wake unajulikana. Ukishajua mlango una inchi ngapi, aliyesimama ndani yake hana pa kujificha. Kiuno cha mtu kinakuwa hesabu ya darasa la nne.

Kwenye jedwali la wateja nikafungua safu mbili za kiuno. Ya kwanza, ya alichosema mteja, niliiita KM; ya pili, ya alichosema mlango, KK. Gauni nilikata kwa KK. Ndani ya kola, lebo ikasema KM. Mteja anavaa, linamkaa kama ngozi, anageuza lebo anakuta thelathini yake aliyoitamka, anatembea siku nzima kidevu juu. Magauni yakaacha kurudi. Wifi akawaambia watu kwamba ni jicho lake.

Aliyejua ni mimi na fundi wa cherehani tu, mzee anayeshona lebo. Aliniuliza mara moja kwa nini namba hazifanani na nguo. Nilipomweleza akasema ameishi na mke miaka arobaini, anajua pa kunyamaza, akarudi kwenye cherehani yake.

Na kulikuwa na safu ya tatu, MM. Hiyo haikuwa na kazi yoyote. Niliifungua ya kunichangamsha. Kila nilipopima mtu kwa mlango wake nilimwandikia neno moja au mawili. Sitasema ni maneno gani. Mtayasikia, na mtayasikia kwa sauti mbaya kuliko yangu.

Sasa turudi kwenye ile sahihi.

Jukwaa jipya lilitaka kujua mambo mawili kuhusu kila safu: jina lake kamili, na nani aione, mteja au wafanyakazi peke yao. Safu zilikuwa thelathini na moja. Bwana Daftari akaniuliza moja baada ya nyingine kama karani wa sensa, na mimi nimesimama na mkasi mkononi, chaki sikioni. Tulipofika ya ishirini na tatu nilikuwa nimemchoka mpaka kwenye unywele wa mwisho.

KM ni nini? Nikamwambia Kiuno cha Maneno. KK? Kiuno cha Kweli. MM? Maneno ya Mpimaji. Akaandika yote bila kupepesa.

"Zionekane kwa nani?"

"Kwa wateja, bwana," nikasema. "Wajione walivyo. Tena waandikie kwa herufi kubwa, maana wengine kiuno chao hawajawahi kukiona."

Fundi alicheka mpaka uzi ukakatika. Bwana Daftari akaandika. Akaniuliza tena, polepole, kama nina hakika. Nikamjibu nina hakika kuliko niliyokuwa nayo siku ya ndoa yangu. Ndipo akageuza daftari upande wangu, akanipa kalamu.

Nilidhani ameelewa. Nani asingeelewa? Mtu aliyelelewa na watu husikia utani hata akiwa amelala. Nikatia sahihi kwa mbwembwe, na kimkia mwishoni.

Sasa msikilize jinsi mtu huyu alivyofanya kazi, mniambie kama msingemdharau.

Kwanza alinakili kila kitu mara tatu: nakala moja kwenye kompyuta yake, moja kwenye diski aliyompa Wifi aifungie kabatini, moja mahali mbali kwenye mtandao. Kisha akaifungua kila nakala kuona kama inafunguka. Nikamwuliza kama na chakula chake hukitafuna mara tatu kwenye sahani tatu. Akasema nakala isiyofunguliwa si nakala, akaendelea.

Kisha akakataa kuhamisha. Ndiyo, alikataa. Alitaka kwanza ahamishe wateja kumi tu, awakague mmojammoja. Duka la zamani libaki wazi, lisiguswe, hadi lile jipya lithibitishwe. Akaniomba nimchagulie hao kumi.

Hapo ndipo uoga wangu ulipojifanya akili. Nilijua majaribio yataonyeshwa kwa Wifi. Nikaona aibu ya maandishi yangu ya safu ya tatu. Kati ya watu elfu moja mia tisa na kumi na nne tulikuwa na wakweli kumi na mmoja, watu wanaojipima kwa futi na kuandika walichokiona, maskini. Juu yao sikuwa na la kusema, kwa hiyo safu ya tatu ilikuwa tupu. Nikampa kumi kati ya hao. Nikajisifu moyoni.

Akawahamisha, akakagua, akanigeuzia kioo cha kompyuta nione. Sikuinua hata kichwa kutoka kwenye kitambaa. Nikamwambia viuno vya wakweli havinifundishi kitu. Akaenda kwa Wifi. Wifi akatazama kwa dakika moja, akauliza kama vitufe vinaweza kuwa na uwaridi zaidi. Basi. Duka zima lilikaguliwa na wanawake wawili, mmoja hakuangalia na mwingine aliangalia rangi.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Asubuhi Wifi aliingia amevaa gauni alilolipanga kwa uzinduzi, la kijani, nililomkatia mwenyewe. Akalalamika kwamba limesinyaa. Nikamwambia ni sabuni. Akailaani sabuni, akaagiza soda za kusherehekea.

Saa nne Bwana Daftari alisimamisha oda mpya na kuanza kuhamisha. Saa sita akaanza kuhesabu. Wateja upande huu 1,914, upande ule 1,914. Oda 7,302 kwa 7,302. Picha zikatimia. Viungo vyote vya zamani akavijaribu, vikampeleka mteja kwenye gauni lilelile katika duka jipya. Maneno ya siri ya wateja hakuyabeba, akasema kila mtu atajiwekea jipya, maana siri ya mtu haibebwi na mwingine. Alisema hivyo mbele yangu mimi, bila kujua.

Akafunga daftari. "Hakuna kilichopotea," akasema.

Wifi akapiga makofi. Nami nikapiga. Na huo ndio msiba wenyewe, ndugu wasomaji: hakuna kilichopotea.

Wifi alikuwa ametunga ujumbe uende kwa wateja wote saa tisa alasiri, kwa sababu anaamini saa tisa mwanamke aliye kazini amechoka na anataka kuliwazwa na gauni. Ujumbe ulisema: Tumehamia duka jipya. Ingia uone vipimo vyako. Lakini kwa heshima ya pekee alimfungulia mlango mapema mteja mmoja, Mwalimu Mkuu wa shule moja kubwa, aliyetushonesha sare za walimu wake ishirini na wawili. Kwa kuwa oda ilikuwa yake, aliweza kuona kurasa zao wote.

Saa nane kamili simu ya duka ikalia. Nikapokea mimi.

Mwalimu Mkuu alikuwa na furaha. Alisema duka jipya linapendeza, ana dakika chache kabla ya kipindi, na kuna kitu kimemchekesha mpaka amevua miwani. Naibu wake, yule anayejidai, kajiandikia ishirini na nane, na sisi tumemwandikia thelathini na saba. Kwa herufi kubwa.

Nilihisi damu imesimama kusubiri maelekezo.

"Na chini yake mmeweka maneno," akaendelea, huku akicheka. "'Kiuno cha huyu kiko likizo.' Nani huko kwenu ana mdomo huu?"

Nikamwuliza, kwa sauti ya mtu anayemeza sindano, kama amefungua na ukurasa wake. Akasema bado, anaufungua sasa hivi. Nikamwomba asubiri, mtandao una matatizo, kuna marekebisho, kuna mvua. Nilimtajia kila kitu kinachoweza kumzuia binadamu asibonyeze. Akabonyeza.

Kisha akasoma, kwa ile sauti ya kutangaza matokeo mbele ya shule nzima:

"Kiuno cha Maneno, thelathini. Kiuno cha Kweli, thelathini na tisa. Maneno ya Mpimaji: 'Mlango wa ofisi yake ni mwalimu bora kuliko yeye. Mlango unajua kuhesabu.'"

Nikaifunika futi kwa kiganja, kana kwamba ataiona.

"Mpimaji ni nani?"

"Ametoka," nikasema.

"Akirudi mwambie nina kipindi cha dakika arobaini. Kikiisha nampigia mwenye duka."

Nimewatukana watu wengi maishani, na nimekimbizwa na baadhi yao. Lakini kuwekewa muda na mwalimu, hilo lilinirudisha kwenye kaptura ya michezo, mikono nyuma. Niliweka simu chini, nikaenda kwa Bwana Daftari nusu natembea nusu nakimbia.

Nilimkuta anafuta vumbi kwenye kompyuta kwa kitambaa cha miwani. Nikamwambia afiche safu ya ishirini na tatu, ya ishirini na nne na ya ishirini na tano. Sasa hivi, kabla ya saa tisa, bila maswali. Akafungua daftari, akafuata mistari kwa kidole mpaka akafika.

"Hapa umesema zionekane."

"Nilikuwa nakutania."

Akanitazama kama mtu anayesikia neno la lugha aliyoisoma zamani. "Niandike kwamba ulikuwa unatania?"

"Andika utakacho. Ficha."

Akasema kuzificha ni dakika mbili tu. Moyo ukaruka. Kisha akasema hawezi, ukarudi. Akanifungulia ukurasa wa kwanza, nao una sahihi yangu yenye mkia: baada ya sahihi, mabadiliko yote yataidhinishwa na mwenye duka peke yake. Aliwahi kuhamisha duka la watu wengine, mfanyakazi mmoja akamwomba afiche safu kidogo tu, akaficha. Kumbe mfanyakazi huyo alikuwa anaficha wizi. Tangu siku hiyo hamfichii mfanyakazi hata herufi moja.

Nikamwambia mimi si mwizi, ni mtu wa mdomo tu. Nikamwambia hata mzee wa cherehani, mwenye umri wa kuwa babu yake, alijua ni utani. Nikamwambia kama angekuwa na mshipa mmoja wa kucheka mwilini tusingefika hapa.

Nilibishana naye nusu saa nzima, wala hakukasirika. Hilo ndilo lililonikera zaidi.

"Dada, nilikuuliza mara mbili," akasema. "Watu hunikabidhi vitu vyao vyote nibebe. Siwezi kuanza kukisia kipi walikisema kwa kucheka."

Nikatafuta tusi la kumjibu. Yalikuwepo mengi, ila kila nililolishika nilikuta linanitosha mimi.

Akasema atamalizia nakala ya mwisho kisha aje na daftari kwa mwenye duka. Nikatangulia. Nilitaka Wifi ayasikie kwangu kwanza. Kama ningeweza kumweleza vizuri, kwa mzunguko, nikianzia kwenye magauni yaliyoacha kurudi, labda angetia sahihi kabla hajauliza mengi. Labda chumba cha nyuma kingebaki changu. Binti yangu alikuwa ameanika viatu vyake vya shule dirishani, nikavipita njiani kwenda chumba cha mbele. Sikutaka kuvitazama.

Wifi alikuwa mbele ya kioo kirefu, na lile gauni la kijani. Simu mkononi.

"Wifi, nina neno," nikasema.

"Ngoja. Naingia kwangu kwanza. Mimi ndiye mteja namba moja."

Nilikuwa nimemsahau. Katika watu wote niliowapima kwa milango, nilimsahau wa kwanza kabisa.

Wifi husoma kwa midomo, tangu utoto, na hakuna aliyeweza kumwachisha. Nikaitazama midomo yake ikifanya neno maneno. Ikafanya neno kweli. Ikasimama. Ikaanza kushuka kwenye safu ya tatu, nami nilikuwa naikumbuka herufi kwa herufi, maana niliiandika siku profesa alipotimiza mwaka mmoja hajarudi, na nilikuwa na hasira na ukoo mzima:

Wifi. Anasema 30, ni 38. Asiambiwe. Kama kaka yake, ukweli hausikii akiwa amesimama, atatafuta pa kukimbilia.

Aliyasoma mara mbili. Hakupiga kelele. Ningependa apige.

Simu yake ikaanza kulia mkononi. Kwenye kioo cha simu niliona jina la Mwalimu Mkuu. Kipindi kimeisha. Wifi akaiacha ilie mpaka ikachoka, akaingiza mkono nyuma ya shingo, akaing'oa lebo ya gauni na kuileta mbele ya jicho. Thelathini.

Akauliza nani huandika hizo. Nikasema fundi anashona, mimi namwambia. Akauliza kama ni zake tu au za wote. Nikasema za wote, isipokuwa wateja kumi na mmoja. Akauliza tangu lini.

"Tangu magauni yalipoacha kurudi."

Hilo lilimwingia kuliko yote. Nilimwona akiyarudia mawazoni majigambo yake ya miaka miwili, moja baada ya jingine, kama mtu anayepekua kabati na kukuta nguo zote ni za kuazima.

"Kumbe halikuwa jicho langu," akasema.

Nikafungua mdomo nimwambie jicho lake pia lina sehemu yake, rangi na nini.

Bwana Daftari akaingia na daftari kifuani. Akatangaza kama anasoma hali ya hewa: imebaki dakika tisa ujumbe uende. Mwenye duka akitia sahihi hapa, safu tatu zitafichwa kwa dakika mbili. Asipotia, wateja wote wataziona. Akamkabidhi Wifi kalamu, mwenyewe akatoa ya akiba mfukoni. Nyuma yake fundi alikuwa ameacha cherehani, amesimama mlangoni, na kwa mazoea tu nikampima. Kazi imeniharibu kiasi hicho.

Wifi aliishika kalamu lakini hakutia sahihi. Alinisogelea, akaivuta futi shingoni mwangu. Sijawahi kujua shingo yangu ni nyepesi hivyo. Akaizungusha kiunoni mwake juu ya gauni la kijani, akanipa ncha zote mbili mkononi.

"Umenivalisha uongo miaka miwili, na ukanicheka kwa maandishi," akasema. "Leo sema kwa mdomo. Nikisikia namba ya kweli, natia sahihi. Nikisikia ya kunifurahisha, ujumbe uende, wote tujijue tulivyo, na chumba cha nyuma nitakihitaji." Akamgeukia Bwana Daftari. "Wewe andika atakachosema."

Kisha akaninyooshea kidevu, macho yake kwenye dari.

"Nimesimama, wifi. Soma."

Nikavuta futi mpaka ncha zikakutana, nikainama.

Arobaini na moja.

Kumbe sabuni nayo nilikuwa nimeisingizia; gauni halikusinyaa, yeye ndiye aliyeongezeka. Thelathini na nane ilikuwa kwenye simu yake, imeshamwuma, ameshaijua, alikuwa amejikaza kwa ajili ya hiyo. Kwa arobaini na moja hakuwa amejikaza. Nilijua pia kwamba akiangusha macho kidogo tu ataiona mwenyewe, na kwamba asipoiangalia, nikisema thelathini na nane hakuna atakayejua ila mimi. Saa ya ukutani ilisema bado dakika nne.

Nikautafuta utani. Miaka yote hii haujawahi kuninyima, hata siku bomba lilipopasuka. Nikautafuta kila mahali.

Bwana Daftari akapiga mstari mpya kwa rula, akashusha kalamu mpaka ikagusa karatasi, akanitazama.

"Naandika," akasema.